Ndevu za Jumatatu

Idrisa ndiye aliyenipigia simu kunipa habari kwamba mama yake, Bi Zuhura, amefariki. Alikuwa hajanipigia kwa miaka. "Dada Saumu, Mama katutoka alfajiri," alisema, na nyuma yake nikasikia watu wakisogeza viti. Nikafunga nyumba yangu ya Grand Prairie, karibu na Dallas hapa Texas, nikashika barabara ya Houston. Matangani sebule ilikuwa imejaa wanawake, wengi wao wasichana waliozaliwa huku, wale ambao ukiwauliza kwa Kiswahili hukujibu kwa Kiingereza. Mmoja, mjukuu wa rafiki wa marehemu, alijitahidi kuniuliza kwa Kiswahili, kwa adabu: "Aunty, wewe na Bibi mlijuana wapi? Msikitini?" Wanawake wa umri wangu wakainamia vikombe vyao vya kahawa. Wao walijua. Walikuwa wakingoja niseme uongo mdogo mzuri, tupitie hapo sote kwa usalama. Nikamwambia, "Tulijuana kwa mtu wa kung'oa ndevu." Msichana akacheka akidhani namtania. Mimi sikucheka. Nilirudi kwangu nimekwisha amua kuuandika mwaka ule wa tisini na tisa, kwa sababu waliobaki wanaoujua ni wachache, na baadhi yao wangefurahi kama ungezikwa pamoja na Bi Zuhura.

Utoto wangu na malezi yangu sitayagusa. Watu wakisikia habari za mtu kama mimi hukimbilia utotoni mwake kutafuta palipoharibika, na mimi sina nia ya kuwafungulia mlango huo. Hapakuharibika kitu. Nilizaliwa Mombasa, nikaitwa mvulana, nikapewa jina la mvulana, na nilipopata uwezo wa kujitegemea nikaliacha jina hilo kama mtu anavyoacha viatu visivyomwenea. Nikajiita Saumu kwa kuwa nilizaliwa katika mwezi wa kufunga. Mwaka huo wa tisini na tisa nilikuwa nimepita thelathini, naendesha foklifti, gari la kuinulia mizigo, katika ghala la vipuri vya magari, na nilikuwa nikitumia homoni alizoniandikia daktari mmoja wa Dallas. Homoni zilikuwa zimefanya kazi yake. Ngozi ililainika, kifua kilijaa, hata harufu ya jasho langu ilibadilika. Lakini dawa hizo hazing'oi ndevu, jambo ambalo wengi hawalijui. Ndevu zikishaota zimeota. Meza vidonge mpaka uzeeke, asubuhi utazikuta pale pale zinakusubiri. Kwa hiyo kila siku ya kazi ilianzia bafuni, mbele ya kioo kilichokuwa na ufa pembeni. Nilinyoa, nikanawa maji baridi, nikapaka rangi nyekundu ya mdomo kidevuni na juu ya mdomo ili kuuzima ule weusi uliobaki chini ya ngozi, kisha poda juu yake, na poda nyingine. Ikifika saa ya chakula cha mchana, weusi umerudi. Na chini ya taya kulikuwa na vipele vya nywele zilizojikunja na kuingia ndani, vinavyouma ukivaa shungi na vinavyouma zaidi ukilivua.

Nilijaribu kila nilichokisikia. Leza, mwanga wa kuunguzia nywele, ndiyo kwanza ilikuwa inaingia mjini, lakini mashine za wakati ule zilikuwa hazielewani na ngozi nyeusi. Dada mmoja wa Kinigeria niliyemjua alitoka huko na mabaka shavuni kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Iliyobaki ni sindano ya umeme, unywele mmoja mmoja, na hiyo ndiyo inayoondoa moja kwa moja. Mwanamke wa kwanza niliyemwendea, huku huku kwetu, alinipokea vizuri kwenye simu. Aliponiona mlangoni alitazama uso wangu, akatazama gauni langu, akaniambia kwamba yeye hahudumii wanaume. Nikamuuliza mwanamume yuko wapi. Akanifungia mlango. Nakumbuka nilisimama nje karibu na gari langu, jua likinichoma utosini, na badala ya kulia nilijikuta nafungua kinywa na kusema kwa sauti, peke yangu, "Zitatoka." Kama vile ndevu ndizo zilizonifukuza, na si yule mama.

Nilimpata Doreen huko Houston, mwendo wa saa nne kwa gari. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtu wa Louisiana, aliyefanya kazi na mdogo wake Faye katika chumba nyuma ya duka la maua, kwa hiyo ukifika pale kitu cha kwanza kukupokea kilikuwa harufu ya mayungiyungi, na cha pili harufu ya nywele zinazoungua. Vitanda vilikuwa viwili, vimetenganishwa na pazia la kijani kibichi. Siku ya kwanza Doreen alivaa miwani yake yenye kioo cha kukuza, akanishika kidevu, akakigeuza huku na huku kama mtu anayechagua embe sokoni. "Nywele zako zimejipinda ndani kwa ndani," akasema kwa Kiingereza chake cha kuvuta. "Nikifanya haraka nitakuachia makovu. Sitafanya haraka. Wewe una haraka?" Nikamwambia ninayo. "Basi ivumilie," akasema, akawasha mashine. Anafanya hivi: sindano nyembamba mno huingizwa katika tundu la unywele, umeme unapita, shina linaungua, halafu kibano kinauchomoa unywele. Ukitoka wenyewe bila kubisha, umekufa na hautarudi. Ukivutana na kibano, bado uko hai, anarudia. Kisha unaofuata. Kidevuni ni kama kuumwa na nyigu asiyechoka. Juu ya mdomo ni habari nyingine. Pale machozi hutoka bila ruhusa yako na pua inawasha mpaka unataka kupiga chafya, na ukipiga chafya sindano imo ndani.

Lakini hayo maumivu, ukinilazimisha kusema, si jambo gumu kuliko yote. Gumu lilikuwa hili: kibano hakiwezi kushika kisichoonekana. Ili Doreen afanye kazi Jumamosi, mimi sharti niache kunyoa tangu katikati ya wiki. Yaani ili nisiwe na ndevu ilinibidi nitembee nazo. Miezi ya kwanza, siku hizo za kuotesha nilirudia suruali pana na kofia, nikalirudia hata jina la zamani kwa wasionijua, na wiki ikiisha nilijihisi kama nguo iliyogeuzwa nje ndani mara nyingi hata mshono umeanza kuachia. Msimamizi wetu wa ghala, mtu wa mzaha usiochekesha, aliniona asubuhi moja nimevaa hivyo akapiga kelele ili wenzangu wasikie: "Leo wewe ni nani?" Sikuwa nimejiandaa. Jibu lilitoka lenyewe. "Mimi ni yule yule wa jana," nikamwambia, "na mzigo wako uko mlango wa nne unakungoja." Watu wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Siku iliyofuata, nikiwa na ndevu za siku mbili, nilivaa sketi yangu ndefu na shungi langu la buluu, nikaenda kazini. Nikaegesha, nikashuka. Tangu siku hiyo sikumrudia tena yule mtu wa kofia.

Bi Zuhura nilimsikia kabla sijamwona. Nilikuwa nimelala upande wangu wa pazia, Doreen yuko shavuni, mara nikasikia upande wa pili, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka: "Yarabi toba! Mwanamke huyu ananichoma kama mshikaki!" Kicheko kilinitoka hata Doreen akainua sindano kwa hofu. Sauti ya ng'ambo ikauliza, "Nani anacheka huko?"

"Mimi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba." Akaendelea, "Wa wapi weye?"

"Mombasa."

"Basi ushanisikia nalia. Itabidi uje ule kwangu leo, usije ukanitangaza."

Tulipotoka tulikaa pamoja kwenye viti vya plastiki, kila mmoja ameshikilia barafu usoni. Alikuwa mwanamke mnene, mzuri, mjane, amevaa buibui na mtandio alioupandisha mpaka mdomoni. Aliponitazama nilijua anatazama nini. Nilikuwa nimezoea macho hayo, nikajiweka tayari. Akasema polepole, "Miye nimeziona ndevu za mwanamke maisha yangu yote, kiooni. Zako si hizo." Nikamjibu, "Ni za mwanamke, Bi Zuhura, ila zilikuja na njia nyingine." Alifikiri. Aliligeuza lile pakiti la barafu upande wa pili. "Unakula pilipili?" akauliza. Nikasema nakula. "Basi twende."

Alikaa na mwanawe Idrisa, dereva wa teksi, katika fleti ya ghorofa ya chini upande wa kusini-magharibi mwa Houston. Chumba chake cha kulala nakikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyolipia kodi mwenyewe: kitanda cha chuma kilichofunikwa shuka la maua, saa ya adhana iliyokuwa ikitangulia kidogo, chetezo juu ya kabati, na kwenye droo ya juu, chini ya leso zilizokunjwa, kioo kidogo cha mkono na kidonge cha uzi. Ule uzi ndio aliokuwa akijing'olea nao tangu alipovunja ungo. Kila alfajiri ya ndoa yake alitangulia kuamka, akaenda chooni na kioo na uzi, akarudi kabla mumewe hajafumbua macho. "Akafa hajui," alinisimulia. "Au alijua akaninyamazia. Mpaka leo sijui lipi lingeniuma zaidi." Daktari alimwambia huku Marekani kwamba ni homoni tu, ni ugonjwa una jina, wanawake wengi wanao. Alikasirika. Miaka yote ile alidhani yuko peke yake duniani.

Ikawa desturi. Kila nikishuka Houston nililala kwake. Siku ya sindano nilirudi uso umevimba, siwezi kutafuna, naye alinipikia uji wa mchele uliotiwa tui la kopo na pilipili manga, au alinichambulia samaki aliyemnunua kwa Wavietinamu akaniwekea kwenye wali laini kama wa mtoto. Yeye mwenyewe akila upande mmoja wa mdomo. Tulikaa jikoni, mifuko ya njegere za barafu mashavuni, tukizungumza kwa midomo isiyofunguka vizuri, kila mmoja akimcheka mwenzake. Alinifundisha kujifunga mtandio usikwaruze palipochomwa. Mimi nilimfundisha kuendesha gari, kwa sababu alichoka kumngoja Idrisa, na kwenye uwanja mtupu wa kanisa la jirani aligonga pipa la taka, akashuka akaliomba radhi.

Idrisa nilimheshimu, naye alinikwepa. Jumamosi moja jioni nilikuwa nimejilaza chumbani, mlango umeegeshwa, nikamsikia akiingia na kuweka funguo mezani. Alikuwa kijana aliyekulia huku. Akikasirika Kiingereza kilimwingilia. "Mama, watu wana-talk. Jana msikitini nimeulizwa. Wanasema umemweka mwanamume ndani."

"Mwanamume yupi? Humu mwanamume ni weye."

"Mama, please. Unajua namsema nani. Ana ndevu!"

Kijiko kiligonga sufuria, kikagonga tena. "Idrisa," alisema Bi Zuhura, "ndevu ndizo zinazokuudhi?"

"Si ndevu tu. Ni yote. Mimi ndiye ninayeonekana. Mimi ndiye nitakayetafuta mke katika watu hawa." Sauti ikamshuka. "Akae yeye au nikae mimi."

Sijui mama angejibu nini. Nilijiambia kwamba sitalala kwenye chumba cha mwanamke yule nikisikiliza anampoteza mwanawe kwa ajili yangu. Niliondoa njegere usoni, nikatoka hivyo nilivyo, mdomo umevimba kama wa bata, vidoadoa vya damu kidevuni. "Idrisa," nikasema, "nina jina, na mimi mwenyewe nipo. Ukiwa na swali niulize mimi, usimuulize mama yako." Alinitazama kwa mara ya kwanza, namaanisha kunitazama kweli. Nadhani alitarajia kuona kitu cha kuchukiza, akaona mtu anayeumwa. Hilo halikumlainisha, lilimfadhaisha. Alichukua funguo akaondoka, akakaa kwa rafiki yake majuma mengi. Nilipoanza kufunga begi langu, Bi Zuhura aliniwekea bakuli mezani kwa kishindo. "Kaa ule," akasema. "Atarudi. Njaa ya chakula cha mama yake haivumilii." Alisema hivyo, lakini usiku ule hakugusa chakula chake.

Halafu ikaja arusi ya mjini Richardson, upande wa Dallas. Binti mmoja aitwaye Rukia, msichana wa kompyuta, mzaliwa wa Lamu, alikuwa anaolewa, na mama yake aliona hakuna wa kuwa somo wake, wa kumfunda, ila Bi Zuhura, ambaye alikuwa maarufu kwa kupamba maharusi katika Texas nzima. Bi Zuhura akapanda basi kuja kwangu Grand Prairie siku mbili kabla. Na hapo pakatokea shida. Sisi wote wawili tulikuwa na miadi na Doreen na Faye siku ya Jumatatu, miadi mirefu ya siku nzima, na daktari wa meno angekuja kutudunga dawa ya ganzi ili juu ya mdomo pamalizwe kwa mara moja. Tuliingojea miadi hiyo tangu masika. Ukinyoa, umeikosa, na kupata nyingine ni kusubiri mpaka mwaka mwingine. Siku ya halawa, ya kumng'oa biarusi nywele za mwili kwa sukari, ilikuwa Jumamosi, na arusi yenyewe usiku wake. Asubuhi yake nilisimama mbele ya kioo changu chenye ufa, wembe mkononi, ndevu za siku tatu. Bi Zuhura alikuwa nyuma yangu mlangoni, mtandio umepanda mpaka puani.

"Naweza kubaki nyumbani," nilimwambia. "Wewe nenda, nitakufuata usiku nikuchukue."

"Ubaki kwa nini? Unaumwa?"

"Unajua kwa nini."

"Miye nimekualika," akasema. "Weka huo wembe."

Nyumba ya kina Rukia ilikuwa kubwa, yenye zulia la rangi ya maziwa ambalo mama mwenye nyumba aliliwekea nailoni kwa siku hiyo. Wanaume walipelekwa gereji na runinga yao. Jikoni sukari na ndimu zilikuwa zinachemka sufuriani mpaka zikawa rangi ya asali, na Bi Zuhura aliiponda halawa kwa viganja vilivyolowa, akaivuta, akaikunja, akaivuta tena, huku wanawake wakichekeana na kusimuliana walivyopiga mayowe siku zao. Niliwasikia nikiwa nimekaa kwenye kona karibu na friji, natwanga iliki. Mmoja anasema yeye miguu haimsumbui, ni kwapa. Mwingine anasema mumewe huuliza kwa nini anajifungia bafuni, humwambia anasoma dua. Wakacheka mpaka machozi. Nikawaza kwamba duniani hakuna watu wanaozijua nywele kama wanawake, na hakuna wanaozificha zaidi. Biarusi alikuwa kwenye mkeka, mguu umenyooshwa, anang'ata leso. Ndipo Bi Mwanakhamisi, shangazi yake biarusi, aliyekuwa amenitazama tangu niingie, aliposimama.

Sitamfanya mbaya kuliko alivyokuwa. Hakupiga kelele. Alisema, "Bi Zuhura, nakuheshimu kama dada yangu. Lakini humu wanawake wamevua mashungi, na biarusi yuko wazi. Huyu uliyemleta akae na wanaume."

Nikaweka mchi chini. Nilisimama. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo ya miaka mingi, na niliyaanza: "Mimi ni Saumu. Sikuja kumchungulia mtu. Nilikaribishwa kama ulivyokaribishwa wewe, na gereji siendi." Sauti yangu haikutetemeka, na hilo najivunia mpaka leo. Bi Mwanakhamisi hakuwa ananisikiliza. Alikuwa akionyesha kwa kidole kidevu changu. "Na hizo?" akasema. "Hizo ni nini?"

Bi Zuhura alikuwa bado na bonge la halawa kiganjani. Aliliweka kwenye sahani, akanawa mikono bila haraka, akafuta kwa taulo. Kisha akaushika mtandio wake hapo chini ya macho akaushusha. Alikuwa ameotesha kama mimi. Juu ya mdomo, kidevuni, mpaka chini ya taya, nywele nyeusi na chache za mvi, zimesimama wazi chini ya taa ya jikoni. Mwanamke aliyewaandaa nusu ya maharusi wa jimbo lile. Aliyeamka kabla ya mumewe maisha yake yote ya ndoa. "Haya," akasema. "Kama ni hizi ndizo zinazopeleka mtu gereji, na miye nioneshe njia."

Sukari ilianza kuungua, mtu akazima jiko. Bi Mwanakhamisi alikaa, akavuta shungi lake kichwani, na hakulivua tena siku ile. Ilikuwa haki yake. Wanawake wawili waliaga, mmoja akisema amesahau dawa yake nyumbani. Rukia ndiye aliyetuvusha. Kutoka pale mkekani, mguu mmoja una halawa na mwingine hauna, alisema, "Jamani, mimi nitaolewa na mguu mmoja? Somo, njoo umalize. Na dada Saumu, lete hizo iliki, chai inapoa." Chai ilikuwa haijachemshwa hata. Nikapeleka iliki. Bi Zuhura akapiga magoti mkekani uso wake ukiwa wazi, akaendelea na kazi yake, na alipouvuta ule utandu wa kwanza biarusi akalia na nyumba nzima ikacheka. Baadaye, nikiosha vyombo, nilifuatwa mmoja baada ya mwingine na wanawake ambao mchana kutwa hawakunisemesha. Mmoja alijifanya anatafuta sufuria. Mwingine alifungua bomba ili maji yazibe sauti yake. Wote walitaka kujua jambo moja: huyo mama wa sindano yuko wapi, na je, kweli hazirudi?

Hazirudi. Ilinichukua karibu miaka miwili zaidi mpaka Doreen akaniambia hana cha kushika, na leo, nikiwa na mvi kichwani, kidevu changu ni laini kama cha mtoto, isipokuwa kovu dogo la sindano iliyoteleza nilipopiga chafya. Bi Zuhura alimaliza kabla yangu. Uzi wake aliutumia kufungia magunia ya mchele. Idrisa alirudi nyumbani kabla ya Ramadhani, na mke alimpata, tena katika watu wale wale. Hakunipenda sana, wala sikumtaka anipende; alijifunza kuniita dada, mwanzo kwa shida, baadaye kwa mazoea. Wapo walioacha kutualika. Tulihesabiwa kuwa watu wa ajabu, mama mmoja na mwenzake, na milango fulani ya Dallas haikufunguka tena. Sikuibisha hodi.

Lakini ninapomkumbuka Bi Zuhura, simwoni jikoni mle. Namwona siku iliyofuata, Jumapili mchana, tukishuka Houston kwa miadi yetu. Tulisimama njiani, mji wa Corsicana, kwa sababu alikuwa na njaa. Mkahawa ulikuwa umejaa watu waliotoka kanisani, na nikataka tununue chakula tukalie garini. "Kwa nini?" akauliza, akachagua meza ya dirishani, jua lote likitumulika. Akavuta mtandio chini ya kidevu apate kula. Tukaagiza samaki wa kukaanga na viazi. Mtoa chakula alitazama uso mmoja, akatazama wa pili, akaandika. Kwenye meza ya jirani bwana mmoja wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi, alimwambia mkewe kwa sauti iliyokusudiwa kufika kwetu kwamba kumbe sarakasi imefika mjini. Mkewe akaangalia sahani. "Kasema nini?" Bi Zuhura aliniuliza. Nikamtafsiria, maana hakupenda kufichwa neno. Alimalizia kutafuna, akafuta vidole kimoja kimoja, akageuka na kiti chake chote kumwelekea. Kwa Kiingereza chake kichache alimwambia bwana yule kwamba zinang'olewa Jumatatu, Houston, na kama anapenda aje atazame. Kisha akamgeuzia shavu upande wa pili, aone vizuri. Masikio ya yule mtu yakawa mekundu. Mimi nilikuwa naogopa, nikiri hivyo. Hata hivyo nami niliteremsha mtandio wangu. Nikamwita mtoa chakula, nikaagiza chai nyingine na vipande viwili vya pai, tukala polepole, tukizungumza habari za halawa, mpaka yule bwana akalipa, akachukua kofia yake, akatoka kabla yetu.